Lifti ya Kwenda Whitehall

Bon, nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mwaka 2015, wiki yangu ya kwanza gereji hapa Columbus, Marekani, nilijigamba kwamba kemshafti, ile shafti inayofungua valvu za injini, naijua kuliko jina langu. Kumbe kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nilikojifunza ufundi, hatukuchagua kemshafti, tulifunga iliyopatikana.

Bosi akaniamini. Akaniachia mzee mmoja Mmarekani mwenye gari la mbio la miaka ya sitini, nimsaidie kuchagua kemshafti mpya. Mimi siku hiyo nilikuwa na wazo moja tu kichwani: shemeji anayenirudisha nyumbani kwa gari lake, upande wa Whitehall, alikuwa mgonjwa, sasa nitarudije?

Mzee akashika kemshafti mbili, akaniuliza kwa Kiingereza, "Unaonaje, lifti kiasi gani itatosha?"

Moyo ukatulia. "Mungu akubariki, baba," nikamjibu. "Ukinifikisha Whitehall inatosha. Pale kwenye taa nitashuka, nitembee."

Bosi akajificha nyuma ya boneti, mabega yanamtikisika. Mzee hakucheka. Akanionyesha kwa kidole jinsi kemshafti inavyoinua valvu: kimo hicho cha kuinuka ndicho lifti aliyoulizia.

"Nyumbani nitakupeleka," akasema kwa upole. "Ila valvu zangu, nazo zishukie kwenye taa?"