Magunia Mawili ya Makaa ya Mawe

Ulipokutana na Sagynaly wakati wa theluji, alitazama kwanza tairi zako, ndipo akatazama uso wako. Alikuwa ameendesha lori la Zil miaka thelathini na sita katika bonde la Suusamyr, na ingawa lori lenyewe sasa lilisimama uani juu ya magogo, halina injini, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva, ulimi wake ulikuwa bado barabarani. Kila gari la kijiji alilipa cheo chake. Niva ya mwalimu ilikuwa mbuzi: haina sura, lakini haikatai mlima. Jipu kubwa la mwenyekiti lilikuwa ng'ombe wa maonyesho. Na kigari cheupe cha Kijapani alichonunua binti yake Nurila, mkunga wa zahanati, kilikuwa kiatu cha bibi harusi.

"Kizuri kwenda nacho ngomani," alisema. "Lakini Kyzyl-Bel huuvuki nacho."

Kyzyl-Bel ni mlima uliosimama kati ya kijiji na mji wa wilaya, na ubishi wote wa magari uliamuliwa huko, kila mwaka, kuanzia theluji ya kwanza.

Mkewe, Sairakan, aliusikiliza ubishi huo akitia chai. Huko chai hutiwa kidogo tu, nusu ya kibakuli au chini, ili anayetia apate kisa cha kukutilia tena, na wewe upate kisa cha kukaa. Ukiona kibakuli kimejazwa hadi ukingoni, ujue mwenye nyumba amekuchoka. Tafuta kofia yako. Katika miaka arobaini ya ndoa Sairakan hakuwahi kumjazia mumewe kibakuli, na Mungu anajua sababu alikuwa nazo tele.

Sheria kuu ya Sagynaly ilikuwa moja. Theluji ikianguka, tia magunia mawili ya makaa ya mawe nyuma ya gari, liwe zito, likanyage. Madereva wote wa zamani walifanya hivyo, na kwa Zil ilikuwa kweli tupu, maana Zil husukumwa na magurudumu ya nyuma. Basi Novemba ilipofika akayabeba magunia yake hadi kwenye buti la kigari cha Nurila. Nurila akayatoa.

"Baba, hiki kinavuta kwa mbele. Ukikilemea mkia, unakinyanyua pua."

"Gurudumu la mbele kazi yake kukata kona. Mimi nimeanza kuendesha kabla mama yako hajakuzaa."

"Ndiyo, Baba, lakini hukuendesha hiki."

"Siwezi hata kuingia! Magoti yanagonga meno."

Sairakan alicheka mpaka akashika ubavu. Wakati huo walidhani ni kicheko tu, lakini ubavu ule ulikuwa umeanza kumuuma kweli. Kila asubuhi baba alitia magunia, binti akayatoa, na kigari kikapanda Kyzyl-Bel na kushuka bila neno, jambo lililomuudhi Sagynaly zaidi ya yote.

Februari Sairakan alikuwa amelazwa hospitali ya wilaya. Asubuhi moja, kabla hapajapambazuka vizuri, simu ikalia. Muuguzi alisema hali yake imebadilika, waje, na waje mapema. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Nurila akaingia ndani kumkunjia mama yake shuka safi na kuweka mchuzi kwenye thamosi. Sagynaly alibaki uani na kigari. Aliogopa. Aliwaza njia ile, akawaza mkewe, na mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya miaka thelathini na sita: ikabeba magunia mawili, ikayalaza kwenye buti, ikayafunika kwa blanketi zito la sufu. Hakusema kitu. Angesema, Nurila angeyatoa, na hapakuwa na muda wa kugombana. Ndivyo alivyojiambia.

Saa moja na nusu, mlimani, kigari kikagoma. Magurudumu ya mbele yalizunguka, yakaimba, yakang'arisha theluji ikawa kioo. Nurila alirudi nyuma akajaribu tena. Walichimba kwa koleo, wakamwaga majivu, Sagynaly akatandika koti lake chini ya tairi, na tairi ikalitupa koti huko.

"Sielewi," Nurila alisema. Machozi yalikuwa yamemjaa. "Juzi kilipanda hapahapa, Baba. Hapahapa!"

Hapo palikuwa pa kusema. Hata mtoto angeona kwamba hapo ndipo pa kusema. Sagynaly akasema, "Nilikwambia. Kiatu cha bibi harusi hakina kucha."

Nurila alichukua simu yake. Alipanda mlima kwa miguu kutafuta mahali simu inaposhika, aite trekta. Alichukua muda mrefu sana. Sagynaly alibaki peke yake na buti lile, na kadiri alivyosimama ndivyo alivyozidi kukumbuka ile habari ya mkia na pua. Mwishowe akafungua, akayatoa magunia, akayaviringisha bondeni moja baada ya jingine, akafukia alama kwa mguu.

Nurila aliporudi alisema trekta liko mbali, labda litafika saa sita. Kisha, kwa kukata tamaa tu, akawasha gari akajaribu tena. Kigari kilipanda. Hakikusita hata kidogo. Kilipanda kama mtu anayekwenda kwao.

"Imekuwaje?" Nurila aliuliza.

"Jua limelegeza theluji," alisema Sagynaly. Jua lenyewe lilikuwa nyuma ya mawingu, na lilikaa huko siku nzima.

Walifika hospitali saa nne na nusu. Sairakan alikuwa amekata roho saa nne. Muuguzi, msichana mwenye huruma kuliko busara, aliwaambia kwamba kila mlango ulipofunguka mgonjwa aliuliza, "Ni wao?"

Siku ya arobaini ilipopita, Nurila aliuza kigari. "Mama alikufa peke yake kwa ubishi wangu," aliwaambia wanawake waliokuja kumfariji. "Baba aliniambia, sikusikia." Sagynaly alikuwa chumba cha pili na alisikia kila neno. Alijua anachopaswa kufanya: ni kunyanyuka, hatua sita tu, kufungua mlango. Hakunyanyuka. Tangu hapo Nurila hakushika usukani. Akiitwa kuzalisha kijiji cha mbali, alisubiri mtu mwenye gari, na wakati mwingine mtoto alimtangulia. Alikuja kila Jumapili kumpikia baba yake na kumtia chai, nusu kibakuli, kama mama yake. Sagynaly naye aliacha kuyapa magari vyeo. Watu walisema ni uzee, au ni majonzi. Miaka mitatu ilipita hivyo.

Jumapili moja ya Desemba jirani yao Emilbek akaingia mbiombio, mkono wa kulia ndani ya plasta, maana alikuwa ameanguka akikwangua theluji juu ya paa.

"Dada Nurila, wamepiga simu toka kwa wachungaji wa kondoo, ng'ambo ya Kyzyl-Bel. Mke wa Taalai, uchungu umemwanza tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Chukua gari langu, mimi siwezi kuendesha na plasta hii."

Nurila alitazama dirishani. Gari la Emilbek lilikuwa kigari cheupe cha Kijapani, ndugu wa kile cha kwanza.

"Siendi na hicho," alisema. "Tafuta Niva ya mwalimu."

"Mwalimu yuko Bishkek! Dada, mtu anakufa kule."

"Kitanasa palepale, Emilbek. Unataka nikazalishe nani, theluji? Baba, mwambie. Wewe unajua."

Ndiyo, alijua. Sagynaly aliweka kibakuli chini. Aliona haya kwa jirani kuwa pale, kisha akaona haya kwa kuona haya.

"Kitapanda," alisema. "Kile chako nacho kingepanda. Nilitia magunia, Nurila. Siku ile. Chini ya blanketi. Ulipokwenda kupiga simu nikayatupa bondeni, ndiyo maana kikapanda. Halikuwa jua."

Emilbek alitazama sakafu. Nurila akaiweka birika mezani. Kisha akavaa koti, akachukua mkoba wake wa kazi, akanyoosha kiganja kwa Emilbek. Akapewa ufunguo.

Alirudi alasiri. Sagynaly alikuwa amekaa palepale, moto umezimika, chai imepoa.

"Mama na mtoto wazima," Nurila alisema. "Msichana."

"Mungu ashukuriwe."

"Kilipanda mara ya kwanza." Alikuwa akiwasha moto, amempa mgongo. "Nikaangalia saa, Baba. Toka hapa mpaka juu, dakika ishirini na tano. Toka juu mpaka mjini tunajua, nusu saa. Tungefika saa mbili. Mama alikufa saa nne."



Maji yalipochemka Nurila alileta kibakuli cha baba yake, kile cha bluu alichotumia Sairakan kumtilia. Akatia chai. Alipita nusu, akaendelea, polepole, bila kumwaga hata tone, mpaka chai ikafika ukingoni.

Sagynaly akakishika kwa mikono miwili, akanywa yote. Kisha akainuka kutafuta kofia yake, ingawa nyumba ilikuwa yake.