Mstari Hafifu Ulionipeleka Katesh

Nilikwenda Katesh kwa sababu ya mstari. Mstari mwekundu, hafifu kama penseli iliyofutwa, uliotokea kwenye kipimo changu cha homa ya ini pale zahanati ya kijijini. Fomu ya kujiunga na kidato cha tano, bweni, ilitaka majibu hayo kabla ya Jumatatu. Nesi alitazama, akaandika kwamba ninao ugonjwa, akaniambia nikapime tena hospitali kubwa ya Katesh.

Jioni ile nilikuta kikombe changu cha bati kimehamia dirishani, peke yake. Nesi alishaeleza kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa vikombe. Mama alimsikiliza vizuri sana, akaitikia, kisha akakihamisha.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka na Babu. Babu ni mzee wa kanisa, na kijijini kwetu Endasak hakuna mbuzi ambaye hajawahi kujuliwa hali naye. Tuliteremka kwa miguu katikati ya mahindi, na kila shamba lilikuwa kituo.

"Shikamoo, Babu!"

"Marahaba! Mama hajambo? Ng'ombe je? Mvua huko kwenu imenyesha?"

Huko kwao ni ng'ambo ya mfereji. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nina aibu, kwa hiyo viatu vyangu navifahamu kuliko nyuso za majirani.

Saa mbili tukafika barabarani, tukapanda bodaboda mshikaki, Babu katikati. "Mzee, shika vizuri, usipunge mkono!" dereva alipiga kelele. Babu alipunga hadi Katesh.

Saa tatu na nusu, maabara. Alitupokea kaka mmoja mwenyeji wa Tanga, aliyevaa koti jeupe. Alisoma karatasi yangu, akauliza, "Hiki cha kwanza kilisomwa baada ya dakika ngapi?"

"Pale pale, mwanangu," Babu alijibu. "Hatukukawia."

Ndipo nikakumbuka. Siku ile nesi alidondosha damu yangu kwenye kipimo, Babu akaingia. Nesi ametokea Mwanza, na ameshafunzwa kwamba huku kwetu mzee hakatizwi salamu. Babu alianza na afya ya nesi, akaenda Mwanza kwa wazazi wake, akapita kwa shangazi zake wote, akarudi polepole. Kengele ya shule ya jirani ililia kipindi kikianza, ikalia tena kikiisha.

"Kipindi kizima," niliviambia viatu vyangu. "Dakika arobaini."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Babu alikuwa anasalimia."

Kaka alikuna kichwa. Alisema kipimo hicho husomwa dakika ya kumi na tano. Ukikiacha, damu hukauka na kuweza kuchora mstari wa uongo. Mstari hafifu ukitokea kwa wakati wake, huo ni wa kweli. Akanitoa damu, akaweka vipimo viwili mezani, akatazama saa.

"Enhe, mwanangu," Babu akaanza, "huko Tanga wazazi hawajambo?"

Kaka aliondoa macho kwenye saa, kwa heshima. "Shikamoo, Mzee. Hawaja..."

"Babu, nyamaza!"

Sauti ilikuwa yangu. Hata mimi nilishangaa. "Naomba, Babu. Dakika kumi na tano tu. Baadaye utasalimia mpaka marehemu bibi yake."

Babu akavua kofia, akaiweka gotini, akanyamaza. Nadhani dakika zile zilimuuma kuliko sindano yangu.

Kipimo cha kwanza: mstari mmoja tu, wa kuonyesha kwamba kinafanya kazi. Sina ugonjwa. Cha pili: miwili! Nilihisi kikombe changu kinatoka dirishani kwenda nje kabisa.

Kaka alicheka. "Hiki hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili. Ulichanjwa ukiwa mtoto, mwili bado unakumbuka. Hapa miwili ni habari njema."

Vizuri sana. Plastiki mbili pacha: mstari huohuo huku unakuhamisha, kule unakupongeza.

"Na hiki cha kwanza hakikosei?" niliuliza.

"Hukosea. Ungeambukizwa juzi, kingesema huna. Ndiyo maana nauliza maswali kwanza."

Akagonga muhuri kwenye fomu.

Saa tisa tulikuwa tunapanda mlima. Babu alipita mashamba mawili bila kusimama.

"Uliniambia ninyamaze."

"Ndiyo, Babu. Nisamehe."

"Mbele ya mtu wa Tanga."

"Ndiyo."

Babu alipunguza mwendo. "Dakika arobaini, kweli?"

"Kengele ililia mara mbili."

"Basi yule binti ana shangazi wengi."

Nilichojifunza ni kwamba kipimo nacho kinahitaji kusikilizwa kwa wakati wake, na kwamba mdomo wangu unafanya kazi. Nyumbani Mama alisoma muhuri mara tatu, lakini kikombe hakukirudisha. Babu alikwenda dirishani, akachukua kikombe changu, akakimiminia chai, akanywa nusu. Nusu iliyobaki akanipa mimi.