Siku Opera Ilipopelekewa Unga na Makaa

Sipendi kuisimulia hii, lakini kwa kuwa Machakos nzima inaijua na nasikia hata mbuzi wa Kangundo wanahadithiana, heri muisikie kwangu mimi niliyeaibika.

Nilikuwa kwenye majaribio ya utangazaji katika kituo kidogo cha redio hapa mjini, na bosi wetu, mama asiyecheka na mtu, alikuwa amesema Jumatatu ataamua kama ananiajiri au nirudi stendi kuuza soksi. Jumamosi kulikuwa na opera kwenye ukumbi wa chuo, itangazwe moja kwa moja, na bosi akauliza nani kati yetu anajua opera. Mkono wangu ukapanda kabla yangu. (Sekondari niliimalizia kwenye masomo ya jioni, na jioni moja mwalimu aliitaja opera kabla stima haijapotea, kwa hiyo nilijihesabu mtaalamu.)

"Kabla ya kila wimbo uwaeleze watu kinachoendelea," bosi akaniagiza. "Hiyo ni Kiitaliano. Mama yangu anasikiliza kule Ekalakala."

Kanini, mwimbaji mkuu, alinisimulia hadithi yote tukinywa chai, lakini kulikuwa na chapati, nami mbele ya chapati masikio yangu hufunga kazi. Nilichoshika ni kwamba kuna mama amefiwa na mumewe, na aliyemuua ni kakake huyo mama, wakigombania kisima. Mengine yalishuka na chai.

Sasa, mtu wa huku anajua kwamba saa kumi jioni redio yetu husoma matangazo ya vifo. Jembe linawekwa chini, mtoto ananyamazishwa, watu wasikie nani ametuacha na mazishi ni lini. Siku hiyo tangazo la mwisho likaisha, studio wakatuunganisha hewani kule ukumbini, nami kwa kuogopa kueleza nisichokijua nikaona heri ninyamaze, muziki ujieleze wenyewe. Kanini, ambaye ndiye yule mjane, akafungua mdomo, na ile sauti ikapanda mpaka vilima vya Iveti, ikagonga, ikarudi.

Nilikuwa nimejibanza kando ya jukwaa na maikrofoni, simu za wasikilizaji zikiingia hewani. Ya kwanza ilikuwa ya mzee.

"Kijana, huyo mama anayelia amefiwa na nani?"

Hapo ndipo ningesema, mzee, huu ni mchezo. Lakini nilifurahi mno kuulizwa kitu ninachokijua.

"Na mume wake," nikanong'ona kitaalamu.

"Pole yake. Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana, mzee. Ameuawa na shemeji yake, kakake huyu mama."

"Ameshikwa?"

"Bado. Amesimama tu hapa nyuma yake, ukumbi wa chuo."

"Na nyinyi mnamwangalia."

Kuna watu hapa mjini hawaambiwi mara mbili. Muda si muda mlango ukafunguka, wakaingia akina mama wa kanisa la jirani na unga, sukari, majani ya chai, mmoja na gunia la makaa mgongoni (kwetu msiba hauendewi mikono mitupu), wakiimba wimbo wao wa kufariji, na nyuma yao vijana wa bodaboda kama elfu moja, haya, saba, ambao kufariji hakukuwaleta. Akina mama wakapanda jukwaani, wakamkalisha Kanini, wakamfunika leso, naye bado anaimba. Vijana wakamshika Mwalimu Kioko, anayefundisha muziki pale chuoni na aliyecheza yule kaka, na ndevu zake za gundi zikabaki mkononi mwa mmoja wao.

"Kumbe hata amejibadilisha sura," kijana akasema.

"Mimi ni mwalimu," Kioko akajitetea.

"Na bado unafundisha watoto wa watu."

Watazamaji wakapiga makofi, wakidhani ndivyo ilivyotungwa. Nikakimbilia jukwaani, nikatangaza kwamba hakuna aliyekufa. Kiongozi wa wale akina mama, Mama Nthenya, akanikagua kuanzia viatu.

"Hakuna aliyekufa, na tumebeba makaa."

"Ni hadithi tu, mwaitu, mama yangu."

"Basi tukae iishe. Makaa hayarudi bila sababu."

Akaketi mbele kabisa na kila wimbo ukiisha anamuuliza Kanini: huyu ni nani, kisima kilikuwa cha nani, mbona anapayuka na dadake analia. Akijibiwa ananinyang'anya maikrofoni na kuwaambia wasikilizaji kwa Kikamba. Mwishoni Kanini akamkumbatia Kioko (kumbe mwishoni anamsamehe), Mama Nthenya akasimama.

"Hapana. Mtu anasamehewa akileta mbuzi. Mbuzi iko wapi?"

Kioko akasema hana mbuzi.

"Basi imba tena hiyo ya kuomba msamaha, na uimbe kama umekosa."

Akaimba tena, na simu zikajaa mpaka laini ikawaka moto, wazee wakitoa hukumu kutoka kila kilima.

Jumatatu bosi akaniambia kazi imepata mtu. Mama Nthenya.

"Lakini yeye hakujua chochote," nikasema.

"Ndiyo maana aliuliza," bosi akajibu, akaendelea na chai yake.

Niliapa tangu hapo kwamba jambo nikilijua nusu, nusu hiyo nitakaa nayo nyumbani. Jumamosi huwa nafungulia redio nimsikilize Mama Nthenya nikiwa na nia mbaya kabisa, nikitafuta kosa, na inaniuma kuwaambia kwamba mpaka leo sijaliona.