Dele Lililobaki Ziwani

Mguu wangu wa kushoto una vidole vitatu. Watu wa hapa Ghulail nikivua viatu mlangoni kwao hudhani ni ugonjwa wa sukari. Nikiwaambia ni barafu wanacheka. Jiddah na barafu wapi na wapi, labda ile ya kutilia samaki.

Shule niliishia darasa la tano kule Mombasa, kwa hivyo naandika kama ninavyosema. Wenye makosa nitawataja. Majina nawasitiri, wenyewe wanajijua.

Nilikuwa nafanya kazi za ndani Riyadh kwa bosi na madam, mke wake. Watu wa Riyadh baridi ikiingia hawakai ndani. Wanapakia zulia, makaa, tende na dele la kahawa, wanakwenda jangwani kuota moto, wanaita kashta. Mfanyakazi huenda pia, maana moto haujiwashi. Mwaka ule bosi akasema jangwa limemchosha, watoto wabaki kwa bibi yao, sisi twende Uturuki milimani kuona theluji. Na vitu vya kashta vikapakiwa vilevile.

Tulikuta ziwa zima limeganda, jeupe kama uwanja. Wavuvi walikuwa juu yake, wametoboa mashimo, wanavuta nyavu kutoka chini ya barafu. Samaki akitolewa anaruka mara mbili tatu, kisha anakakamaa akiwa amejipinda hivyohivyo. Mzee mmoja akatujia na fimbo ya chuma. Akagonga pale aliposimama, pagumu: ko, ko. Kisha akanyoosha kidole upande ule mto unapoingia ziwani, ambako barafu ilikuwa ya kijivu, akatikisa kichwa, akaonyesha kwa mikono mtu anavyozama. Lugha yake sikuijua hata neno, lakini nilielewa.

"Anataka tununue samaki wake," bosi akasema.

"Anasema tusiende kule," madam akasema.

"Wewe Kituruki umejifunza lini? Kule ndiko picha zitatoka vizuri. Yalla."

Hilo kosa la kwanza, na ni la bosi.

Tukaenda kulekule kwenye kijivu. Nikatandika zulia juu ya barafu, nikawasha makaa kwenye jiko la chuma, nikateleka dele. Ndiyo, moto juu ya maji. Mtu wa jangwani akiona pamenyooka, kwake hapo ni ardhi. Kahawa haijachemka, zulia likaanza kulowa. Halafu tukasikia sauti chini yetu, kama kitambaa kizito kinachanwa.

"Halas, twendeni," bosi akasema, na yeye ndiye aliyetangulia. Tulipofika ukingoni, kwenye nchi kavu, madam akageuka.

"Dele la mama yangu," akasema. "Rudi ukalilete."

Hilo kosa la pili. Ni la madam, na silipunguzi.

Nikarudi. Nilishalishika mpini, barafu ikafunguka chini yangu, jiko, zulia, dele na mimi tukaingia pamoja. Maji yale sikuyasikia baridi, niliyasikia yanachoma. Pumzi ilinitoka yote na nyingine haikuja. Kila nilipoushika ukingo wa barafu ulimegeka kama biskuti. Nilimwona yule mzee anakuja kutoka mbali na kamba yake, anapiga kelele, viganja vyake vinakandamiza hewa kwenda chini. Chini, chini.

Madam alimwona. Akalala kifudifudi juu ya barafu, akaanza kutambaa kuja kwangu.

"Rudi wewe, una watoto," bosi akamwambia kutoka ukingoni, simu ya kupigia picha bado mkononi. Mimi pia ninao watatu, lakini hao hawakumjia akilini.

Mwanamke yule sikuwahi kumwona nje ya nyumba yake bila abaya. Aliivua palepale, mbele ya wavuvi wote, akanitupia upande wenye mikono ya nguo, mwingine akaushika yeye.

"Zungusha kwenye kiganja. Piga miguu kama unaogelea."

Mzee akafika nyuma yake, naye akalala, akamfunga kamba kwenye kifundo cha mguu. Akamvuta madam, madam akanivuta mimi. Nikatoka hadi kiunoni, nikatoka wote. Nikataka kusimama nikimbie.

"Usisimame," madam akasema. "Utaivunja tena. Bingirika."

Tukabingirika sote wawili kama mikeka, mpaka mzee alipogonga na fimbo yake ikalia ko, ko.

Mke wa mzee alinivua nguo zilizolowa, akanikumbatia ndani ya blanketi yake mpaka gari likaja. Namwombea dua hadi leo. Vidole viwili vilikatwa hospitali. Bosi akasema ni ajali, halas, isizungumzwe.

Tuliporudi Riyadh madam alinifuata jikoni.

"Ni mimi niliyekutuma."

"Najua, madam."

"Unataka nikufanyie nini?"

"Nataka mahali pa joto. Jiddah."

Kafili wangu, yaani mdhamini wa vibali, alikuwa bosi, hakutaka. Madam alimsumbua asubuhi na jioni, mpaka akakubali ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ihamie kwa watu wengine. Ndivyo nilivyofika huku.

Mama wa Kizanzibari ninayepanga kwake hanielewi. "Mwanangu, unamshukuru mtu aliyekutumbukiza?"

"Aliyenitumbukiza na aliyenitoa ni yuleyule, bibi. Nimkate vipande?"

Majira haya ya baridi madam alikuja umra, akapanda ngazi zetu hadi chumbani kwangu. Aliniuliza habari za mguu, kama anavyouliza kwenye simu kila baridi ikianza. Kahawa ilikuwa jikoni, kwenye dele nililonunua mwenyewe mtaa wa Baghdadiyah. Nikaanza kuinuka, nachechemea.

"Kaa," akasema. "Nitalileta mimi."

Nilimwacha aende. Alirudi amelishika kwa mikono miwili, akanimiminia mimi kwanza, nami nikapokea kikombe bila kusimama.