Grisi ya Magurudumu Yanayoingia Baharini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, enzi zile ningali na nguvu za kubishana na mwanaume yeyote wa Kilwa Masoko, baba aliponiachia trela lake la kubebea boti. Mgongo wake ulikuwa umegoma. Ndugu zake walitaka trela apewe binamu yangu, kwa kuwa mimi ni mwanamke. Baba akawaambia, "Boti ya wateja wetu wa Lindi ataipeleka huyu. Ikifika salama, trela ni lake. Isipofika, mpeni huyo wenu." Nililitaka trela lile, sikufichi. Nililitaka kuliko nilivyotaka kuolewa.

Asubuhi ya safari nikamkuta mjomba Bakari, fundi wa vyombo vya baharini, kayafungua magurudumu ili anisaidie. Alikuwa akizijaza beringi shahamu, yale mafuta ya ng'ombe ambayo mafundi wetu hupaka matumbo ya vyombo ili maji yasipenye.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Trela linaingia baharini, mama, halina tofauti na chombo. Shahamu hii imelinda vyombo vya babu zako."

Kuhusu vyombo alisema kweli. Lakini chombo hakina breki. Trela letu lilikuwa na breki zake kwenye magurudumu, na breki zikikamata mteremkoni, joto huhamia kwenye beringi. Mafuta yakiyeyuka huvujia kwenye breki, na breki iliyolowa mafuta haishiki kitu.

Kumkatalia mjomba usoni si adabu, nikamkaribisha chai. Juu ya kifuniko cha birika nikaweka shahamu kidogo, na kando yake grisi niliyoichagua mwenyewe, ile ya beringi, ambayo kopo lake linasema inastahimili joto kali na haioshwi na maji ya chumvi. Maji hayajachemka sawasawa, shahamu ikatiririka hadi kwenye makaa. Grisi ilikaa pale pale. Mjomba akaigusa kwa kidole.

"Kumbe nilikuwa nakuulia boti," akasema, akacheka, maana hakuwa mtu wa kinyongo. "Haya, lete mafuta ya taa."

Tukaziosha beringi mpaka shahamu yote ikatoka, tukazikausha, ndipo tukapaka grisi mpya. Binamu yangu alipita akatushauri tushindilie mpaka imwagike. Nikamwambia ikizidi itasukuma sili, ule mpira unaoziba beringi, na kuangukia kwenye breki. Akaenda zake.

Basi, mwanangu, tunashuka na gari kuelekea Lindi, trela na boti nyuma, nakata kona, mbele yangu lori la mihogo limeharibika katikati ya barabara. Nikakanyaga breki. Uzito wa boti ile ungeweza kutusukuma mpaka ndani ya mihogo. Trela likatii, likasimama nyuma yangu kwa utulivu. Mjomba alikuwa kando yangu anasoma dua. Aliikatiza akapiga kigelegele, mtu mzima na ndevu zake.

Ufukweni wenye boti walitaka niingize trela majini hapo hapo. Nikakataa, magurudumu yalikuwa bado moto, na gurudumu la moto likizamishwa ghafla hufyonza maji ya chumvi ndani. Wakaanza kunung'unika. Mjomba akawaambia, "Mmemsikia dereva." Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Magurudumu yalipopoa nikarudisha trela nyuma, boti ikanyanyuka na kuelea, na mimi nikalia kwa furaha mbele ya wanaume wote wale bila kuona haya.

Sasa trela nakukabidhi wewe. Chagua grisi inayoweza kazi yote ya gurudumu, joto la breki na maji ya chumvi, si mojawapo. Usichanganye mpya na ya zamani. Usizidishe. Subiri magurudumu yapoe kabla ya kuingia majini, hata wakikupigia kelele. Na mkubwa wako akikosea, mwonyeshe bila kumuumbua, kisha mwache ashike kazi pamoja nawe. Unachokijua kisimamie, hata kama wote waliokuzunguka wana sauti kubwa kuliko yako.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwangalifu na moyo usiotetereka, akushushe salama kila mlima, na kila pwani utakayofika, uitwe dereva kwanza kabla hujaulizwa wewe ni binti wa nani. Amina.