Sikio la Mwalimu

Binti alikuwa mpanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji, na siku hiyo alama moja ilikuwa imemtoa jasho. Kitabu chenyewe kilikuwa cha baba yake, mwalimu mstaafu wa hesabu. Miaka yote ya kufundisha, namba inayobaki baada ya kugawanya aliiwekea alama aliyoibuni mwenyewe, na wanafunzi wakaibatiza Sikio. Kompyuta ilikuwa na alama za kila namna, lakini Sikio haikuwa nalo.

Basi akalichora na kulipa amri yake: kila alipoandika neno sikio ndani ya hesabu, alama ilijitokeza yenyewe. Kazi safi, ila baba, aliyeketi kando yake, alitikisa kichwa. "Siyo hiyo." Akachora lingine, akifuatisha karatasi za baba. Siyo. Mkono wa mzee siku hizi ulitetemeka, na hata michoro yake mwenyewe aliikana.

Mwenye kiwanda alishasema mashine zinaanza mchana. Alama isipopatikana, wataweka nyota.

"Weka nyota tu, mama," mzee alisema kutoka kwenye kiti, sauti imemshuka. "Nadhani nimeisahau."

Hapo binti aliogopa kweli. Huyu ni mtu aliyeshinda akibishana hata na redio. Kisha akamkumbuka darasani, enzi akimfundisha, na hakukumbuka hata mara moja kumwona akiandika amekaa.

"Hebu simama, baba." Akampa chaki ya kuandikia maboksi, akamwelekeza kwenye mlango wa chuma.

Mzee aliguna kwamba amekuja kutazama kitabu, siyo kuchafua milango ya watu. Hata hivyo akasimama kando kidogo, kama zamani, asije akawaziba wanafunzi, akaurusha mkono wote kutoka begani. Sikio likatoka kwa mkupuo mmoja, limelalia kushoto, mkia mrefu, mdomo wazi. Mkono haukutetemeka.

Binti alilipiga picha, akalifuatisha kwenye kompyuta, akabadilisha mstari mmoja tu, ule wa amri. Kitabu kizima kikageuka, hata masikio madogo yaliyokaa juu ya namba.

"Baba, njoo uone."

Hakuja. Alikuwa bado mlangoni, ameujaza mlango masikio kuanzia kwenye kitasa hadi mkono ulipofika, na chaki imebaki kipande.

"Kumbe sijasahau," alisema bila kugeuka. "Kumbe ni kile kiti."