Hostia Iliyolala Kwetu Siku Tatu

Baba alikuwa mtu wa Mpala, na watu wa Mpala wana maringo yao ya dini. Hawayasemi, lakini utayaona wanapopiga ishara ya msalaba mbele yetu sisi wa Kalemie: polepole, kwa mkono mzima, utadhani wanatufundisha. Baba alihudumia misa pale misioni tangu akiwa na miaka minane, zama padri alipowapa watu mgongo na kusali kwa Kilatini. Tangu zama hizo hakuna kitu kilichobadilishwa kanisani kikampendeza. Ngoma za matoleo zilimkera. Mama zetu wakicheza kwenda altareni na ndizi na kuku, yeye aliangalia viatu vyake. Ukimwambia Kilatini kilikuwa lugha ya wazungu, alikujibu kwamba wazungu wenyewe walijifunza darasani na kuchapwa kama yeye.

Redio ndiyo iliyomletea habari za Roma, na kila habari ilimwachia kidonda. Siku aliposikia kwamba padri anayetaka kusali misa ya zamani lazima kwanza apate ruhusa, alizima redio akakaa. "Misa yenye ilinibatiza," akasema, "leo inaomba ruhusa kama mugeni." Halafu ikaja ile barua kuhusu kuwabariki watu wawili wa jinsia moja, na maaskofu wa Afrika wakasema kwetu hapana. Siku hiyo baba alifurahi, akaniomba nimpikie mikeke, samaki wa ziwa letu. Lakini alipomaliza kula alinitazama kwa jicho la kushtaki, kama kawaida yake. "Bao maaskofu wanaweza kukatala kitu ya Roma, na wanapigiwa makofi. Mimi nikikatala kupokea Bwana kwa mukono, wanasema niko na kichwa nguvu. Unifasirie, mama." Ndivyo alivyoniita mimi binti yake. Nilikusanya sahani.

Alijua mahali pa kunipiga, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wanaogawa komunyo. Masista walitufundisha, tukavishwa kitambaa cheupe chenye msalaba, kanisa likapiga makofi. Katikati ya makofi hayo baba aliinuka, akachukua fimbo yake akatoka nje. Mimi mwalimu wa shule, mtu mzima mwenye wajukuu, nilisimama pale mbele nikiwa nimeshika kikombe cha Bwana na machozi yananitoka kwa hasira. Sikumsamehe haraka. Kusema kweli sijui kama nilikuwa nimemsamehe yalipotokea haya ninayotaka kuyaeleza.

Kipindupindu kiliporudi mjini, parokia iliamuru watu wote wapokee mkononi. Baba alijipanga kwenye mstari wa paroko, akapiga magoti kwenye saruji, akaweka mikono chini ya makwapa, akafumba macho na kufungua kinywa. Paroko alisimama kidogo, kisha akamruka akaenda kwa mwingine. Ilikuwa hivyo kila Dominika, karibu mwaka mzima. Mimi nilikuwa mstari wa pili na niliona yote. Mzee anapiga magoti, anangoja, anarukwa, anashika benchi ili ainuke, anarudi mahali pake bila kitu. Kinywa kile kilichofunguliwa bure kilinifuata mpaka nyumbani, na wakati wa kula nilikuwa siwezi kumtazama.

Kisha miguu yake ikavimba, moyo ukachoka, na akawa wa kitanda. Nyumba yetu iko upande wa chini, karibu na ziwa. Miaka ya hivi karibuni maji yalipanda yakachukua nyumba zilizokuwa mbele yetu. Ya jirani bado imesimama, maji mpaka madirishani, na hakuna anayeishi humo. Asubuhi mawimbi madogo yanaingia vyumbani na kutoka, na sauti yake ni ya mtu anayefagia sakafu. Tulikuwa tumezoea. Wageni tu ndio waliouliza ni nani anafagia nyumba isiyo na watu.

Msimu wa mvua ndipo baba alipoanza misa zake. Saa kumi na mbili asubuhi alikaa kitandani, vifungo vya shati vimefungwa mpaka shingoni, na hakukubali maji wala vidonge, kwa kuwa kanuni yake ya zamani ilimtaka afunge tangu usiku wa manane. Nilimsikia akisema maneno ya Kilatini, akinyamaza, akisema tena. Nilifikiri anakumbuka ujana. Ilinichukua siku kadhaa kugundua kwamba alikuwa anajibu tu. Maneno ya padri hakuyasema hata moja. Yeye alisema ya mhudumu, kisha alinyamaza akiwa ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha alijibu. Kuna kimya kimoja kilikuwa kirefu kiasi kwamba niliweza kuwasha makaa, kuteleka maji na kurudi nikamkuta bado anasikiliza. Na siku moja, baada ya kujibu, alitazama juu kidogo, penye ukuta mtupu, akaona haya, akarudia jibu lake kwa haraka. Alionekana kama mtoto aliyeambiwa kwamba amechelewa.

Nilimwita paroko. Ni kijana mwema, mwenye haraka nyingi na pikipiki mbovu. Alifika asubuhi, na nilipotaka kubisha hodi alinishika mkono. Alisimama mlangoni na midomo yake ikaanza kucheza bila sauti. Seminarini walikuwa wamemfundisha kidogo misa ile ya zamani. Alisikiliza muda mrefu, na nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Mama," akaninong'oneza, "anaacha nafasi yenye kutosha."

"Nafasi ya nini, padiri?"

"Ya sala za padiri. Haipunguze, haiongeze. Hata ya kunawa mikono."

Hakuingia. Alisema atarudi jioni na komunyo, atampa mzee kwenye ulimi, kipindupindu au hapana, maana kwa mgonjwa wa kufa Kanisa ni mama. Nilimshukuru. Lakini mchana aliitwa kwenye maziko, na boti ya kuwapeleka mapadri wote kwenye mafungo upande wa Moba iliondoka kabla ya saa yake. Paroko alikuwa ndani. Kuanzia siku ile mpaka Jumamosi ya wiki iliyofuata hapakuwa na padri wa kumfikia baba. Muuguzi alikuja, akabonyeza miguu ya baba, akaniambia uani kwamba asingeahidi kwamba mzee ataifikia Jumamosi.

Kwa hiyo Dominika, baada ya kugawa komunyo kanisani katika ibada ya bila padri iliyoongozwa na mwalimu wa kanisa, nilitia hostia moja katika kijisanduku changu cha duara, nikaifunga kifuani, nikarudi nyumbani bila kusalimia mtu njiani, kama tulivyofundishwa. Nilitandika kitambaa cheupe mezani. Nikawasha mshumaa. Baba alinitazama tangu mwanzo mpaka mwisho, na nilipoikaribia midomo yake akageuza uso.

"Papa, padiri hayuko. Ni mimi tu."

"Nimeona."

"Nitakupa ku ulimi. Hakuna muntu atajua."

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililoniumiza zaidi, "huu mukono yako njo wenye kunifulia manguo. Njo wenye kunilisha bukari. Siukatale. Lakini haukupakwa mafuta ya upadiri. Ile haiko kazi yake."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, basi afe na njaa yake. Mtoto wa kuzaa akamwambia mzazi wake hivyo, mbele ya Ekaristi. Yeye akasema njaa si dhambi, akafumba macho.

Sasa, hostia ambayo mgonjwa hakuipokea inarudishwa tabernakulo, au wewe uliyeileta unaila palepale. Hiyo ndiyo sheria, na ninaijua. Sikuila kwa kuwa moyoni nilisema labda kesho atalegea. Na sikuirudisha kwa kuwa ufunguo anao mwalimu wa kanisa, na ningemwambia nini? Kwamba mimi ninayewapelekea wagonjwa wa shirika zima la mtaa wetu nimekataliwa na baba yangu mwenyewe? Aibu ilinishinda. Nikaiacha mezani ndani ya kijisanduku chake, na mshumaa ukiwaka.

Ikalala kwetu. Baba aliniamuru nigeuze kitanda ili miguu yake isielekee meza. Alinikataza kutaja bei ya samaki chumbani. Bila kuambiwa nilivua viatu, na siku zile nilitembea katika nyumba yangu mwenyewe kama mgeni, nikishika ukuta. Jumatatu alfajiri niliamka nikijua kuna kitu kimepungua, nikachelewa kukitambua. Upande wa jirani kulikuwa kimya. Mawimbi hayakuingia wala hayakutoka. Nilikwenda mpaka ukingoni nikatazama, maji yalikuwa yamejaa vyumbani, yametulia tuli. Jumanne pia. Watu wa mtaa walisema ni upepo umeacha. Huenda.

Nilikuwa na hofu. Sikuiogopa hostia, maana nimeigusa maelfu ya mara, na labda hilo ndilo kosa. Niliogopa kwamba katika chumba kile wawili walikuwa wanaelewana, na mimi mwenye nyumba sikuwa nikihesabiwa.

Jumatano asubuhi baba hakuweza kukaa peke yake. Nilimwegemeza kwenye mito, nikamfunga kifungo cha shingoni kwa sababu aliniomba kwa kidole. Akaanza. Majibu yake yalikuwa hewa tu sasa, lakini vipindi vya kimya vilikuwa vile vile. Nilikuwa nimeshavizoea kiasi cha kujua tumefika wapi. Alipojipiga kifua mara tatu, nilijua kinachofuata ni komunyo.

Nikachukua kijisanduku, nikakifungua. Nilisimama mbele yake. Akafumba macho, akaingiza mikono chini ya makwapa kwa taabu, akainua uso na kufungua kinywa, ulimi juu ya mdomo wa chini, vile vile nilivyomwona mwaka mzima akirukwa.

Kazi ilikuwa rahisi hivi. Asingejua. Angefikiri amepewa na huyo aliyekuwa anamsikiliza, angekufa ameshiba, na mimi ningekuwa nimemlisha baba yangu kwa mkono wangu, hata kama yeye hajui. Nilitaka sana. Nakiri nilitaka kwa ajili yangu zaidi kuliko kwa ajili yake. Vidole vyangu vilikuwa karibu na ulimi wake mpaka nilihisi pumzi yake ya moto, na vikagoma. Mtu anayekufa hadanganywi akiwa amefumba macho.

"Papa," nikasema, "ni mimi."

Hakufumbua macho. Alitoa mkono mmoja chini ya kwapa, akaupeleka mbele mpaka ukagusa tumbo langu, akanisukuma pembeni, bila hasira.

"Sogea kidogo, mama. Unasimama mbele yake."

Nikasogea. Miguu ilifanya yenyewe. Niliegemea ukuta na hostia ikiwa katikati ya vidole vyangu, nikamwona baba akingoja, kinywa wazi, mbele ya nafasi niliyoiacha. Kisha ulimi ukarudi ndani. Midomo ikafunga. Koo likapanda na kushuka. Akainamisha kichwa, akakaa hivyo muda mrefu, na usoni mwake hapakuwa tena na ule uso wa Dominika, wa mtu anayetafuta benchi la kushika.

Mimi nilipiga magoti. Niliogopa kuiangusha ile niliyokuwa nayo. Nikaiweka kiganjani, nikainama nikaichukua kwa ulimi.

Baadaye baba aliomba uji. Alikunywa kikombe kizima, akameza vidonge vyake bila kubishana, akaniuliza habari za wajukuu kila mmoja kwa zamu yake. Hakusali tena misa asubuhi zilizofuata. Nilipomuuliza, alisema imekwisha. Alifariki Ijumaa mchana, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, na upande wa jirani mawimbi yanafagia.

Paroko alifika Jumamosi, nguo bado zina unyevu wa ziwa. Alilia nilipomwambia, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Baada ya maziko nilikwenda biro, ofisi ya parokia. Katika kitabu cha marehemu kuna mahali pa kuandika kama mtu alipokea sakramenti kabla ya kufa. Paroko alishika kalamu yake ya biki, akaniuliza bila kuinua macho.

"Alikomunika?"

"Ndiyo, padiri."

"Njo weye ulimupatia?"

"Hapana. Aliniambia nisogee, nikasogea."

Biki ilisimama juu ya karatasi. Upande wa pili masista wakaanza kuimba. Kisha akaandika ndiyo, akajifuta jasho kwenye mdomo wa juu, akaniomba nifungue dirisha. Nilimwambia liko wazi.